Kebo Niliyoinyoosha

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha siku ya kustaafu nikiwa na vidole vyote kumi, jambo ambalo kwa fundi wa waya si dogo. Ninyi vijana wa ofisi mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Mmeomba kwa adabu sana, na sababu naijua: mwaka unaisha, mmeambiwa kwamba ikiingia elfu mbili kompyuta zote zitazima, na mnataka awepo karibu mtu anayekumbuka simu ya kuzungusha. Sawa, nitaandika. Vyeo vyangu nitavipita, maana havikuwa vingi kiasi cha kuwachosha, na mshahara ni siri baina yangu na mke wangu, ambaye kila mwezi aliujua kabla yangu.

Nilipoanza, kampuni yetu ya kusafirisha mizigo ilikuwa na ofisi hapa Voi, bohari moja Mraru, nyingine Taveta, na wakubwa Mombasa. Simu za ndani zilikuwa mikononi mwa Mzee Kibwana, fundi aliyesali sala tano kwa wakati na kukagua waya wakati wote uliobaki. Siku ya kwanza alinipa kebo nene yenye jozi hamsini za nyaya, akanionyesha ncha mbili za kuunga. "Rangi kwa rangi," akasema. "Bluu kwa bluu, chungwa kwa chungwa. Usinionyeshe akili zako." Nikaunga tangu asubuhi hadi karibu na Alasiri. Alipopima, akakuta jozi moja imepishana. Akaikata kazi yote kwa koleo, polepole, kama mtu anayekata kucha, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikajifunza. Tangu siku ile sikupishanisha waya tena, hata nilipokuwa naunga juu ya ngazi kule Mraru baada ya tembo kuegemea nguzo zetu na kuzilaza. Fomu ya Mombasa haikuwa na nafasi ya tembo katika orodha ya sababu za hitilafu, kwa hiyo kila mara nilijaza "mengineyo". Wakubwa wakaandika kuuliza kwa nini Mraru kuna mengineyo mengi hivyo. Mzee Kibwana, Mungu amrehemu, alifariki akijua kwamba ameacha nyuma yake mtu anayenyoosha waya. Nikawa najivunia hilo mpaka likaniponza.

Katikati ya miaka hii ya tisini wakubwa waliamua kwamba Voi na Taveta zitaongea na Mombasa kwa kompyuta. Kwa kazi hiyo zilihitajika ruta mbili. Ruta, kwa ambao wamekuja kazini juzi na wanaiona tu ikimetameta kwenye kabati, ni kisanduku kinachoelekeza habari ziende wapi. Ikiwa mpya haijui lolote. Inabidi fundi akae nayo ana kwa ana, kupitia tundu moja la nyuma liitwalo konsoli: kebo inatoka hapo inaingia nyuma ya kompyuta, unafungua programu ya mawasiliano, unabonyeza kitufe cha Enter, na ruta inakujibu kwa maandishi kwenye skrini. Kwa maelezo ya Mombasa, hili lingechukua dakika tano. Mombasa ni mji wa watu wenye matumaini.

Aliyetumwa kuzichukua ruta hizo alikuwa Mghoi, binti wa Kidawida kutoka milima ya Taita, ambaye wengi wenu leo mnamwita Madam na kusimama akiingia. Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, yuko katika miezi sita ya majaribio, na miezi hiyo ilikuwa inaelekea mwisho. Alihudhuria mafunzo ya wiki moja huko Mombasa, akarudi kwa basi na ruta mbili: moja juu ya mapaja, nyingine katikati ya miguu. Ile ya Taveta ikapelekwa Taveta, ikawekwa bohari ndani ya boksi lake. Ya Voi tukaambiwa tujifunzie kwa wiki mbili kabla ya kuifunga ofisini.

Meneja wetu, Bwana Mutiso, alitazama ofisi iliyojaa mafaili na madebe ya rangi, akasema, "Mzee Athumani, kwako kuna stima na kuna kimya. Fungueni maabara huko." Ndivyo nyumba yangu ilivyopata kuwa maabara. Kompyuta ililetwa kwa mkokoteni, ikawekwa juu ya meza ya mke wangu ya kushonea, na cherehani ikahamia barazani.

"Miaka ishirini nashona hapa," mke wangu, Mama Zuhura, alisema. "Leo nimeachishwa kazi na kisanduku."

Ilikuwa Jumamosi. Mghoi alisema atafika saa nne. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mzee wa kazi na sikutaka binti wa juzi anikute sijui kitu, nilifungua boksi saa mbili. Ndani mlikuwa na ruta, kitabu ambacho sikukisoma, kichwa cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, na kebo bapa ya samawati yenye plagi ndogo za pini nane kila upande. Nikazishika plagi mbili sambamba, kama nilivyofundishwa, nikazitazama rangi za nyaya.

Zilikuwa kinyume. Waya wa kwanza upande huu ulikuwa wa mwisho upande ule. Wa pili ulikuwa wa saba. Zote nane zimepinduliwa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilisikitika. Nikamfikiria fundi wa kiwandani huko ng'ambo, mshahara mnono, kiyoyozi, na bado hajui rangi kwa rangi. Nikamsamehe, nikasema labda alikuwa amelewa. Kisha nikachukua koleo, nikakata plagi moja, nikatoa plagi mpya mfukoni, nikazipanga nyaya zinyooke, nikabana. Nikapima kwa mita: moja kwa moja, mbili kwa mbili, hadi nane kwa nane. Ilikuwa kazi safi sana. Mzee Kibwana angeniuliza kama nimekula.

Mghoi alipofika hakuna nilichomwambia. Si kwamba nilificha. Mtu akipangusa vumbi mezani hatoi tangazo.

Tukachomeka, tukawasha. Taa za ruta zikawaka, feni ikavuma. Mghoi akabonyeza Enter. Skrini ikabaki nyeusi. Akabonyeza tena. Mke wangu akaja kutazama muujiza, akautazama kwa muda, akarudi jikoni.

Sasa hapa nitawapa elimu, nanyi muipokee kwa shukrani kwa sababu mimi niliipata kwa aibu. Kwanza tulikagua tundu la kompyuta: kompyuta ile ilikuwa na matundu mawili yanayofanana, na la kwanza lilikuwa limekaliwa na kipanya, kwa hiyo tulihakikisha programu inasikiliza la pili. Kisha kasi ya mazungumzo: biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde. Mghoi alijaribu na nyingine zote, juu na chini. Kumbukeni hili: kasi ikiwa mbaya, ruta hukutolea herufi za ajabu, mabano na alama kama mtu anayeota homa. Mkiona hivyo, furahini, maana yupo anayeongea. Mkiona maandishi mazuri lakini mkiandika hayaingii, tazameni kwenye programu ule mpangilio wa kuzuia mtiririko wa herufi, muuondoe. Lakini mkikuta kimya kitupu, msipoteze siku kwa kasi. Shikeni kebo.

Mghoi alilijua hilo. "Mzee, kebo iko sawa?" aliniuliza.

"Kebo nimeikagua mimi mwenyewe," nikamjibu, kwa sauti ya mtu ambaye hapaswi kuulizwa mara mbili.

Siku ya pili alimwomba Mama Zuhura pini ya kushonea, akaunganisha pini mbili za tundu la kompyuta, akaandika. Herufi zikarudi kwenye skrini kama mwangwi. "Kompyuta ni nzima," akasema. "Basi ni kebo au ni ruta. Mzee, tuipime tena?"

Tukaipima mbele yake. Mita ikalia moja kwa moja, mbili kwa mbili, hadi nane. Hakuna kebo iliyowahi kunyooka hivyo katika wilaya nzima ya Taita Taveta. Akakubali. Kwenye mafunzo alikuwa amekuta kila kitu kimeshachomekwa, hakuwahi kuishika kebo ya konsoli mkononi. Na nani angemshuku mzee aliyezeeka katika waya?

Tulikwenda hivyo wiki nzima. Mama Zuhura akauliza kama hicho kisanduku kinataka chai. Jumamosi Bwana Mutiso akapitia nyumbani.

"Hii kitu imekufa ama haijakufa?" akauliza.

"Haisemi," Mghoi akajibu.

"Nimekuuliza wewe? Mzee, niandikie ripoti. Mombasa wanataka kujua."

Nikaandika. Nina nakala mpaka leo, wala siitazami kwa raha. Nilieleza kwamba kompyuta ni nzima, kebo imepimwa ni nzima, na kwa hiyo ruta imeharibika, "bila shaka kwa mtikisiko uliotokea njiani." Njiani alikuwa nani? Alikuwa Mghoi. Sikulitaja jina lake. Niliandika kwa upole na uadilifu, hata nikatanguliza Bismillahi kichwani.

Jumatatu Bwana Mutiso alimwita. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye kiti cha cherehani barazani.

"Mzee, pale Miasenyi basi lilikanyaga breki ghafla, kulikuwa na mbuzi barabarani," akasema. "Hii ya Voi iliruka ikagonga kiti cha mbele. Sikumwambia mtu. Nilifikiri si kitu."

"Ulimwambia Bwana Mutiso?"

"Nimemwambia sasa hivi. Amesema Ijumaa atapeleka barua Mombasa kwamba sifai kuajiriwa. Kwamba mtu asiyeweza kubeba boksi hawezi kupewa mtambo." Alitazama mikono yake. "Mzee, nyumbani mimi ndiye wa kwanza kusoma. Mama amewaambia watu wote wa kanisa."

Nilimpa pole. Nikamwambia Mungu ana njia zake. Nikamwambia avute subira. Nilikuwa mtu wa nasaha nzuri sana wiki ile.

Yeye hakukaa kusubiri. Jumatano alipanda lori letu la mizigo kwenda Taveta kuleta ruta ya pili, tulinganishe. Alhamisi adhuhuri alirudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Dereva alitwambia amelikumbatia boksi lile njia nzima, na kila kwenye shimo alikuwa akiinuka kwenye kiti ili shimo limpige yeye. Mama Zuhura akampeleka uani anawe uso, na mimi nikafungua boksi.

Kebo ya samawati ilikuwa juu. Kwa mazoea nikazishika plagi sambamba.

Zilikuwa kinyume. Wa kwanza wa mwisho, wa pili wa saba, zote nane.

Nilikaa chini. Fundi hawezi kulewa mara mbili kwa namna ile ile. Kebo ile ilipinduliwa makusudi, ili waya wa kusemea upande mmoja ufike kwenye sikio la upande wa pili. Nyaya zikinyooka, mdomo hukutana na mdomo, sikio na sikio, na hapo pande mbili zinaweza kukaa wiki mbili mezani bila kuelewana. Kitabu kilieleza hayo yote ukurasa wa nne, kwa picha. Nilikiona baadaye.

Uani maji yalikuwa yanamwagika, na Mghoi alikuwa anamwambia mke wangu jambo fulani kuhusu dereva, wanacheka. Nilikuwa na dakika mbili. Nikafanya nilivyofanya: nikachomoa kebo yangu safi, nikachomeka ile ya Taveta kwenye ruta ya Voi, ile iliyokufa, nikabonyeza Enter. Mistari ikamiminika kwenye skrini. Kebo yangu nikaitia mfukoni.

"Mghoi," nikaita, "njoo uone. Imesema."

Alikuja mbio, maji yanamdondoka kidevuni. Aliposoma alipiga magoti pale pale kwenye sakafu yangu, akafumba macho. "Asante Yesu," akasema. "Umeiponya." Mama Zuhura naye akainua mikono, "Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu ameonyesha uwezo wake." Wakanitazama wote wawili, wakisubiri mwenye nyumba aitikie Amin.

Ndugu zangu, nilisomeshwa Kurani chuoni na maalimu mwenye bakora ndefu, na katika yote aliyonichapia, kumsingizia Mungu ndilo alilolirudia zaidi. Binadamu nilikuwa nimekwisha kumsingizia kwa maandishi, na nikala, na nikalala. Lakini kumsifu Muumba, kwa sauti, kwa kuponya ruta ambayo mimi ndiye niliyeifunga mdomo kwa koleo langu, hilo ulimi ulikataa.

"Inuka, binti yangu," nikasema. "Hakuna aliyeponywa. Haikuwa mgonjwa."

Nikatoa kebo mfukoni, nikaiweka mezani kando ya ile nyingine, nikawaeleza. Mama Zuhura, ambaye hatupi kitu, alikwenda barazani akarudi na mkebe wake wa vifungo. Humo mlikuwa na ile plagi niliyoikata, na nyaya zake nane fupi.

"Nilijiuliza hii ya nini," akasema. "Nikasema, huyu amekwisha kukata kitu cha watu."

Mghoi aliishika plagi ile. Akaigeuza, akahesabu nyaya zake moja moja.

"Nimekuuliza kuhusu kebo mara ngapi, Mzee?"

"Mara nyingi."

"Mara tano. Na mimi nikaenda nikamlaumu mbuzi."

"Nisamehe."

"Bwana Mutiso je?"

"Kesho."

"Kesho ndiyo Ijumaa, Mzee. Barua inakwenda kesho."

"Ndiyo maana nitakwenda asubuhi."

Nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Nilikuwa nimeandika ripoti ya pili, fupi kuliko ya kwanza, kwa sababu ukweli hauhitaji "bila shaka". Bwana Mutiso alisoma akiwa amesimama, kisha akasoma tena akiwa ameketi. Barua ya Mghoi ilikuwa mbele yake, imeshapigwa chapa.

"Wewe ulitengeneza kebo mpya ya kiwanda?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa."

"Sasa uliitengeneza nini?"

"Niliinyoosha."

Alinitazama kama anavyotazamwa tembo aliyeandikwa "mengineyo". "Mzee, Mombasa walikuwa wamekubali wewe ndiye usimamie hizi mitambo zote mbili. Nikipeleka hii karatasi, hiyo imekwisha. Unajua?"

"Najua. Iende leo, kabla ya sala ya Ijumaa. Na pale ulipoandika jina lake, andika langu."

Aliichukua barua ya Mghoi, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai ya maziwa, na kikombe kikaacha duara juu ya sahihi. Hiyo ndiyo barua pekee ya Bwana Mutiso niliyoona imefanya kazi yenye manufaa.

Usimamizi wa mitambo ulikwenda kwa Mghoi, pamoja na ajira yake. Jumamosi alikuja nyumbani kwangu kuipanga ruta ya Voi, na akaniweka chini kama mwanafunzi, akanipa plagi ishirini na kebo ndefu, nitengeneze kebo kumi za konsoli, kinyume zote. Jasho lilinitoka. Vidole vyangu havikutaka. Kila nilipomaliza moja alizishika ncha sambamba, akatazama, akasema, "Hii umeinyoosha tena, Mzee," akaikata. Aliniuliza kama nimekula.

Ruta, kabla ya jambo lolote, hupewa jina, nalo jina hilo ndilo hutokea kwenye skrini kila fundi anapochomeka kebo na kubonyeza Enter. Mghoi aliandika jina, akageuza skrini kidogo kwangu. Nikavaa miwani.

Mtikisiko.

"Mghoi, jina gani hili?"

"Si wewe ndiye uliyeipa, Mzee? Nimelitoa kwenye ripoti yako."

Kule barazani cherehani ilisimama, na nikamsikia mke wangu akicheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo ninyi mlioniuliza kwa nini ruta ya Voi ina jina la ajabu, na mkaambiwa na Madam, "Muulizeni Mzee Athumani," haya ndiyo majibu. Niliifungua kila asubuhi ya kazi, na kila asubuhi ilijitaja. Wiki yangu ya mwisho Mghoi alikuja akasimama nyuma yangu, akaniuliza kama ningependa alibadilishe kabla sijaondoka, maana yeye ameshasahau.

"Hujasahau," nikamwambia.

"Sijasahau," akasema. "Lakini naweza kulibadilisha."

Nikamwambia aliache. Nikachomeka kebo, ile iliyopinduka, nikabonyeza Enter. Ikajitaja. Nikasema Astaghfirullahi, kama kila siku, nikachomoa, nikaikunja kebo vizuri nikamkabidhi, nikaenda zangu nyumbani.